Kufua, Kukamua na Kufufua: Uhakiki wa Istilahi za Mashine Kongwe za Kufulia

Utangulizi

Kazi ya kusanifu istilahi imezoea kuanzia juu. Hukutana kamati, huletwa orodha ya maneno ya kigeni, na kila neno hutafutiwa mwenziwe wa Kiswahili. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa Sheria Namba 27 ya mwaka 1967, njia hiyo imetupatia istilahi nyingi za shule, za mahakama na za ofisi, ambazo leo zatumika bila mtu kukumbuka kwamba zilipata kuwa ngeni. Hata hivyo, ziko fani ambazo istilahi zake hazikungoja kamati. Fundi aliyeinama juu ya mota iliyokwama hawezi kumwambia mwanagenzi wake asubiri kikao. Hana budi kukitaja kile kitu wakati huo huo, ili akipewe mkononi.

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki istilahi za kazi moja ndogo, yaani kuokoa mashine kongwe ya kufulia nguo: kuifungua, kuisafisha, kuitia viungo vizima na kuirudisha kazini. Kazi yenyewe ni ndogo, lakini maneno yake yanagusa mambo makubwa matatu: uaminifu baina ya fundi na mwenye mali, uhai wa yule anayeshika waya, na heshima ya lugha yetu mbele ya wale wanaoitumia kwa jasho.

Tumeiweka mifano yetu Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria kwa sababu mbili. Kwanza, hapo kufua kwa mkono na kufua kwa mashine vyaonekana pamoja. Miamba ya graniti iliyoupa mji ule sura yake inateremka hadi majini, na tangu kale watu wamefulia nguo juu yake. Pili, Mwanza ni mji wa karakana. Reli kutoka Tabora ilifika huko mwaka 1928. Zikaja meli, vinu vya pamba, na baadaye viwanda vya samaki. Mji wa namna hiyo hulea mafundi, na mafundi huzaa maneno.

Mashine tunazozizungumzia si hizi za leo zenye vitufe vya mguso. Ni zile za zamani za umeme, jamaa za zile zilizoanza kuuzwa Marekani na kampuni ya Hurley ya Chicago katika mwongo wa kwanza wa karne ya 20. Za Bendix, iliyotoa mashine ya kujiendesha mwaka 1937. Na za Hoover, iliyofungua kiwanda chake cha Merthyr Tydfil, Wales, mwaka 1948. Mashine hizo zilijengwa kwa bati nene na boliti. Mtu mwenye spana, bisibisi na subira huweza kuzifungua mpaka kiungo cha mwisho na kuzifunga tena. Kwa sababu hiyo ndizo zinazofaa kuokolewa, na ndizo zinazodai maneno mengi: mashine isiyofunguka haihitaji majina ya viungo vyake.

Fua na Jamaa Zake

Tuanze na kitenzi chenyewe. Fua ni kitenzi chenye ukoo mpana. Tunafua nguo; mhunzi anafua chuma, na chombo anachofulia juu yake huitwa fuawe; mkulima wa pwani anafua nazi; na asiyefaulu katika jambo twasema hakufua dafu. Katika matumizi haya yote imo dhana moja ya kupiga au kuchapa kwa nguvu mpaka kitu kigeuke hali. Anayepiga nguo juu ya jiwe ukingoni mwa ziwa na anayepiga chuma juu ya fuawe wanafanya tendo moja kwa macho ya lugha. Jambo hili si geni katika nchi za ziwa. Uhunzi wa Wahaya, upande wa magharibi wa ziwa hilo hilo, ulipata sifa duniani mwaka 1978, pale Peter Schmidt na Donald Avery walipotangaza utafiti wao juu ya tanuri za kale za kuyeyushia chuma.

Siku hizi fua imepata mtoto mwingine: kufua umeme. Tunasikia kila siku juu ya mitambo ya kufua umeme, kuanzia ile ya Nyakato, Mwanza, hadi ile ya Bwawa la Julius Nyerere yenye uwezo wa megawati 2,115. Wako wanaolilaumu neno hili wakisema kwamba umeme haupigwi. Lawama hiyo hatuikubali. Umeme hautoki tayari katika maji, kama vile jembe halitoki tayari katika jiwe la chuma. Vyote viwili hutolewa kwa nguvu katika malighafi isiyofanana navyo. Sitiari imesimama. Kilichobaki ni kuangalia isigongane na ndugu yake. Tukisema tu "mtambo wa kufua", msikilizaji hajui kama tunanena juu ya shati au megawati. Basi na iwe kanuni: umeme hufuliwa kwa mtambo, na kitenzi kifuatwe na jina la kinachofuliwa, nguo hufuliwa kwa mashine, na kitenzi kiwe katika kauli ya kutendea, yaani "mashine ya kufulia".

Kauli hiyo si pambo. "Mashine ya kufua" ni mashine ifuayo. "Mashine ya kufulia" ni mashine ambayo mtu hufua kwayo, kama kisu cha kukatia na jiwe la kufulia. Kwa kiambishi hicho kimoja lugha yetu inasema kwamba mfuaji angali mtu. Kwa mashine kongwe huo ndio ukweli hasa. Katika zile za mapipa mawili, mtu ndiye anayezihamisha nguo kwa mkono kutoka pipa la kufulia hadi pipa la kukamulia. Aidha, kauli hii yaturudishia konsonanti iliyopotea. Katika fua sauti ya l haisikiki, lakini katika fulia inatokea tena. Ndugu zetu wa mashariki ya Kongo, wasemao kufula nguo, hawakuiacha l hiyo kamwe. Anayewacheka anacheka ukale wa lugha yake mwenyewe.

Vipi basi kuhusu "mashine ya kuoshea nguo", tunayoisikia zaidi kwa majirani zetu wa Kenya? Kama usemi wa watu hatuna ugomvi nao. Kama istilahi, hatuupendekezi. Kiswahili kimegawa kazi ya maji kwa utaratibu: nguo hufuliwa, vyombo na gari huoshwa, mwili huogeshwa, mikono hunawishwa. Maadam iko pia mashine ya kuoshea vyombo, kutumia kuosha kwa zote mbili ni kuubomoa ukuta ambao wahenga waliujenga, kisha kuanza kuutafutia matofali upya.

Hatua za Kazi

Mashine ya zamani hufuata hatua zile zile azifuatazo mama mwenye beseni: kuloweka, kufua, kusuuza, kukamua. Hapa hatuhitaji kuunda neno hata moja. La kusikitisha ni kwamba maelezo yanayotafsiriwa kwa haraka huyaruka maneno haya na kukimbilia mengine.

Kosa kubwa liko katika hatua ya mwisho. Pipa linapozungushwa kwa kasi ili maji yatoke nguoni, tendo hilo huandikwa pengine "kuzungusha", pengine "kukausha". La kwanza halielezi kitu, kwa kuwa katika mashine hii karibu kila kitu huzunguka. La pili ni baya zaidi, kwani linadanganya. Pipa hilo halikaushi, linakamua. Nguo hutoka zikiwa na unyevu, zikingoja kuanikwa. Mwenye mashine aliyeambiwa kwamba inakausha atairudisha kwa fundi akilalamika kwamba haijapona; au ataizungusha mara tatu na nne akitafuta ukavu usiokuwapo, mpaka mota kuukuu iungue. Neno kukamua lilikuwapo, linajulikana na kila mtoto aliyepata kushika ncha moja ya shuka na mwenzake akishika ya pili. Kuliacha ni israfu.

Viungo vya Mashine

Tuingie sasa ndani ya mashine. Tutahakiki istilahi tano, si kwa kuwa ndizo zote, bali kwa kuwa kila moja inafundisha jambo.

(a) Pipa, ngoma na kapu. Chombo ambamo nguo hukaa huitwa na wengine "ngoma", kwa kufuata lugha za kigeni. Katika Kiswahili ngoma ni kitu cha kupigwa kitoe sauti. Hakina uwezo wa kushika maji. Pipa ni neno bora. Lakini mashine nyingi zina vyombo viwili, kimoja ndani ya kingine: cha nje kisichozunguka, kinachozuia maji, na cha ndani chenye matundu, kinachozunguka. Vyote viwili vikiitwa pipa, fundi atamtuma mwanagenzi alete kimoja na atapewa kingine. Tunapendekeza cha nje kiwe pipa na cha ndani kiwe kapu. Kapu, kwa kila Mswahili, ni chombo kinachobeba kigumu na kuacha maji yapite. Mchuuzi wa dagaa wa Mwaloni, Kirumba, hatahitaji kufafanuliwa.

(b) Kikorogeo na kisukio. Katikati ya pipa la mashine nyingi za zamani husimama kiungo chenye mabawa, kinachokwenda huku na kurudi kikizitikisa nguo. Atakayeanzia kwenye koroga atakiita "kikorogeo". Lakini kukoroga ni kuzungusha, kama uji chunguni, na kiungo hiki hakizunguki, kinasukasuka. Nchi za ziwa ni nchi za wafugaji, nao walijua tangu kale kusukasuka maziwa kibuyuni mpaka siagi ijitenge. Mwendo ni ule ule. Tunapendekeza kisukio.

Huenda mtu akapinga kwamba neno suka limekwisha kutumika karakanani kwa maana nyingine, kwa maana mafundi wetu husema "kusuka mota" pale wanapoondoa nyaya za shaba zilizoungua na kuzungushia mpya. Ni kweli, na usemi huo ni mmoja wa johari za lugha ya karakana. Ulichukuliwa kwa wasusi na wafuma mikeka ukatiwa ndani ya chuma, na hakuna kamati iliyouunda. Lakini suka ya kutikisa na suka ya kufuma zimeishi pamoja muda mrefu bila kuzuliana fitina. Jina la kiungo likiwa katika ngeli ya ki-vi na tendo la fundi likibaki kitenzi, hapana atakayepotea.

(c) Beringi. Neno hili limeenea kutoka baiskeli hadi meli. Yuko atakayetaka kuliondoa aweke "kibebeo" au "kizungushio". Tunasema la hasha. Neno la mkopo lililokubaliwa na wauzaji wa vipuri na wanunuzi wao limekwisha kupata uraia. Kuunda mbadala wake ni kumpeleka mteja dukani na neno ambalo muuzaji hana katika rafu zake. Istilahi mpya ihesabiwe haki pale tu inapoondoa giza, na hapa giza halipo.

(d) Sili. Mpira unaozuia maji yasipenye kutoka pipani hadi kwenye beringi huitwa sili. Kiungo hiki kidogo ndicho kinachoua mashine nyingi: kikichakaa, maji ya sabuni hupenya, grisi huoshwa, beringi hushika kutu, na mwisho ekseli hukwama. Neno lenyewe lina kasoro, kwani msomaji aweza kulitamka akasikia "sili" ya mtu asiyekula, au akamfikiria mnyama wa baharini. Yatosha kulipa mwenzi wa kulitambulisha: sili ya maji, mbali na sili ya oili.

(e) Kipima muda. Mashine zinazojiendesha zina kifaa chenye meno na vidole vya shaba, kinachozunguka polepole kikiwasha pampu, kikizima mota, kikifungua maji. Mafundi hukiita taima. Neno "kipima muda", ambalo vitabuni ndilo la kwanza kumjia mtafsiri, halifai. Saa ya ukutani ni kipima muda: yenyewe hutazama tu, wala haiamuru. Kifaa hiki huamuru. Ikiwa twataka neno la Kiswahili, na tuseme kiongoza hatua. Ikiwa sivyo, taima na ibaki. Istilahi inayolipunguza tendo la kitu ni mbaya kuliko mkopo usioeleza kitu.

Kutengeneza, Kukarabati, Kurejesha

Sasa tunafikia maneno yenye fedha na ahadi ndani yake. Mtu anapoleta mashine kongwe kwa fundi, fundi husema nini? Husema "nitaitengeneza", au "nitaikarabati", au "nitaifufua". Katika mazungumzo ya kawaida maneno haya hubadilishana viti. Karakanani yasibadilishane, kwani kila moja ni mkataba tofauti.

Kutengeneza ni kukifanya kitu kitende kazi tena, kwa njia yoyote. Anayetengeneza ana ruhusa ya kuondoa mota ya zamani na kufunga ya pampu ya maji, maadam nguo zitafulika. Kukarabati ni kazi pana zaidi, ya kukipitia chombo kizima na kukitia nguvu mpya. Mfano mashuhuri uko hapo hapo bandarini Mwanza. Meli ya MV Victoria iliundwa na kampuni ya Yarrow ya Glasgow, ikasafirishwa vipande vipande, ikaunganishwa Kisumu, na kuanza safari zake mwaka 1961. Ilisimama mwaka 2014. Mwaka 2018 Serikali ilitia saini mikataba ya ukarabati wake, na mwaka 2020 ilirudi majini ikiitwa New Victoria Hapa Kazi Tu. Mwili ni wa zamani, lakini moyo ni mpya, na hata jina ni jipya. Neno ukarabati lilitumika ipasavyo, maana lengo lilikuwa kuwavusha abiria salama, si kuonyesha jinsi meli ilivyokuwa mwaka 1961. Tukumbuke kuwa miradi hiyo hiyo ilitupa pia matumizi ya chelezo kwa jukwaa la kutelezeshea meli, neno la ukoo wa elea ambalo tangu zamani liliitwa kwa boya. Hiyo ni istilahi iliyotolewa ghalani, ikafutwa vumbi na kupewa kazi.

Kurejesha ni kitu cha tatu. Anayerejesha anajifunga kukirudisha chombo katika hali yake ya asili: mota yake isukwe, isibadilishwe, ekseli iliyolika ikerezwe au ichongwe nyingine ya kipimo kile kile, kutu ipigwe msasa na rangi ya awali ipulizwe upya. Kazi hii ni ghali na ni ya polepole. Mwenye mali aliyetaka kurejeshewa mashine ya marehemu mama yake, akakuta imekarabatiwa, amepoteza kitu kisichonunulika, wala fundi hana hatia, kwa kuwa walitumia neno moja kila mtu na maana yake. Ugomvi wa namna hii husemwa kuwa ni wa ufundi au wa fedha. Tukiuchunguza tutaona kwamba ni wa istilahi.

Kufufua tunaliacha kwa wasemaji. Ni neno tamu, na ukaribu wake wa sauti na kufua unaufurahisha ulimi, ijapokuwa hatudai kwamba yametoka mzizi mmoja. Lakini halisemi fundi ameahidi nini. Linasema tu kwamba kilichokufa kimeamka.

Pamoja na hayo tuangalie sifa tunazozitia juu ya kitu kabla hakijaguswa. "Chakavu", "kuukuu", "kongwe": haya si visawe. Chakavu ni kilichoharibika kwa kutumika, na leo "chuma chakavu" ni jina la biashara, mlango wa kuelekea tanuri. Kuukuu ni cha zamani, kizima au kibovu. Kongwe ni cha zamani chenye heshima ya umri. Mashine ikiitwa chakavu katika orodha ya mali ya shule au hospitali, hukumu yake imekwisha andikwa, hata kama imekosa mkanda mmoja tu. Wahenga walikwisha tuonya kwamba ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Makarani wetu wangeulizwa kwanza: je, kitu hiki ni chakavu, au ni kikongwe?

Nyaya na Uhai

Yote tuliyoyasema hadi hapa yaweza kumgharimu mtu mali. Sehemu hii yaweza kumgharimu maisha. Mashine ya kufulia ni mahali ambapo maji, chuma na umeme hukutana, na ile ya zamani hukutanisha vitu hivyo kwa mpira uliopasuka.

Waya unaoleta umeme mafundi huuita "waya wa moto". Vitabu vingine, kwa kutafsiri neno kwa neno, huandika "waya hai". Hili la pili tulikatae, kwani halimwonyi mtu. Kitu hai si lazima kidhuru. La kwanza lina nguvu ya onyo, lakini nalo lina mtego. Mwanagenzi aliyeambiwa kuwa waya una moto aweza kuusogelea kwa mkono akitafuta joto, asilipate, akaushika. Tunapendekeza katika mafunzo iandikwe "waya wenye umeme", na "waya wa moto" ielezwe kama jina la karakana.

Jambo la hatari zaidi ni kuzitaja nyaya kwa rangi peke yake. Katika mashine za Uingereza za kabla ya mwaka 1970 hivi, wenye umeme ni mwekundu, wa kurudishia ni mweusi, na wa ardhi ni wa kijani. Katika za baadaye, wenye umeme ni wa kahawia, wa kurudishia ni wa buluu, na wa ardhi una kijani na manjano. Katika za Marekani, mweusi ndio wenye umeme, na mweupe ndio wa kurudishia. Basi anayefundishwa kwamba "mweusi ni salama" amefundishwa kweli katika mashine moja na kifo katika nyingine. Istilahi na itaje kazi ya waya. Rangi ifuate baadaye kama alama. Na hata rangi zenyewe tuziwekee jina moja moja: ile ya kahawia huandikwa pengine hudhurungi, na mwanafunzi asiyejua kwamba hizo ni moja atatafuta waya wa nne.

Ya Marekani ina la ziada. Iliundwa kwa volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde, hali umeme wetu ni wa volti 230 na mizunguko 50. Transfoma hushusha volti lakini haigusi mizunguko. Kwa hiyo taima iliyopangiwa dakika 30 itachukua dakika 36, na fundi asiyelijua hilo ataifungua bure akidhani ni mbovu. Neno moja la "nguvu ya umeme", linalotumika ovyo kwa volti, kwa wati na kwa ampea, ndilo linaloficha tofauti hizo. Vipimo hivi vina majina, yatumike.

"Waya wa ardhi" ni istilahi njema, kwani inasema waya unakoishia. Mwanza inaipima istilahi hiyo kwa namna yake. Nyumba nyingi zimejengwa juu ya majabali, na graniti kavu haipitishi umeme vizuri. Fimbo ya shaba iliyochomekwa kati ya mawe haitoshi kwa sababu tu imegusa chini. Inatakiwa ifike kwenye udongo wenye unyevu. Vivyo hivyo, kuufunga waya huo kwenye bomba la maji hakufai kitu ikiwa bomba ni la plastiki. Maelezo ya neno hili katika kamusi ya ufundi yasiishie kwenye "waya uendao ardhini". Yaseme ni ardhi ya namna gani.

Mwisho ni kapasita. Mkopo huu hatuna nia ya kuuondoa, ila ufafanuzi wake hauna budi kuwa na kitenzi limbika. Kapasita hulimbika umeme, na huweza kuubakiza baada ya mashine kuchomolewa. Aliyezoea kusema "nimezima, hakuna umeme" na ajue kwamba limbiko lingalipo. Aidha, baadhi ya kapasita za kabla ya miaka ya 1980 zilitiwa mafuta yenye sumu, na baadhi ya mashine za zamani zilikingwa joto kwa asbestosi. Vitu hivyo havipulizwi kwa mdomo wala havikwanguliwi kwa kisu.

Hitimisho

Tumeona kwamba istilahi za kazi hii zimetoka katika maghala matatu. Ghala la kwanza ni la nyumbani: kuloweka, kusuuza, kukamua, kapu. Tumelisahau kwa kuwa liko karibu mno. La pili ni la karakana: kusuka mota, kukereza, beringi. Tumelidharau kwa kuwa halina muhuri. La tatu ni la kamati na watafsiri, nalo tumelipa nafasi ya kwanza, hata pale lilipotoa "waya hai".

Hatusemi kamati ziondolewe. Fundi mmoja hawezi kuamua kwa nchi nzima kwamba kahawia na hudhurungi ni rangi moja, wala kutenganisha kukarabati na kurejesha ili mahakama izielewe. Hiyo ni kazi ya Baraza. Tunachosema ni kwamba mpangilio wa kazi ugeuzwe: neno lisikilizwe kwanza linakotumika, lipimwe kwa maswali matatu, kisha ndipo lisanifiwe. Je, linatofautisha kitu na jirani yake? Je, linaeleweka dukani na karakanani? Je, kama likieleweka vibaya, nani atadhurika? Swali la tatu ndilo lisiloulizwa, nalo ndilo la kwanza kwa uzito.

Tunapendekeza basi mambo mawili yanayoweza kuanza bila fedha nyingi. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA, mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, viombwe kukusanya maneno ya mafundi wa mitaa inayovizunguka, kila neno likiandikwa pamoja na sentensi iliyolibeba. Na istilahi za nyaya zitangulizwe mbele ya nyingine zote katika kusanifiwa, zikiwa na michoro. Majina ya pipa na kapu yaweza kungoja kikao kijacho. Waya wenye umeme haungoji.